Chavua Yangu, Pekani za Mama Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini niling'oa miti kumi na mmoja iliyokuwa hai. Ilikuwa katikati ya Aprili, kwenye kitalu kimoja cha miche nje kidogo ya Adelphi, Maryland, huku ughaibuni, nami nilifika huko kwa mabasi mawili nikiwa na viatu vya ngozi miguuni kama karani. Nilipoulizwa kama najua miti, nilijibu kwa kiburi kwamba mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia shambani. Msimamizi wa Kitalu, mwanamke mrefu asiyecheka, akanipa toroli na kuniambia nisafishe mstari wa mwisho. Mistari mingine yote ilikuwa imechanua majani, huo wa mwisho ulikuwa fimbo tupu. Nikaona miche imekufa. Nikaing'oa, nikaipanga vizuri kwenye toroli, nikampelekea huku nikitabasamu.

Hakunifokea. Alichukua fimbo moja, akaikwaruza gome kwa ukucha, na chini yake kukaonekana kijani kibichi.

"Bwana Omari," akasema, "hii ni mipekani. Huamka baada ya miti mingine yote. Ukiona mti mkavu, ukwaruze kwanza ndipo uuhukumu."

Tulishinda tukiirudisha ardhini. Saba ilipona.

Nyinyi vijana mnaoijua pekani kutoka kwenye keki tu, niwaeleze kidogo. Mpekani ni mti wa asili wa nchi hii, mkubwa, wenye kokwa ndefu za ganda jembamba, na ndani yake kiini kitamu chenye mafuta. Ile ya asili, ambayo haijafanyiwa uteuzi wa kitaalamu, huzaa kokwa ndogo, lakini utamu wake haupatikani kwenye zile kubwa za dukani. Ukipanda kokwa, utasubiri miaka kumi na zaidi kabla ya kuonja. Ukitaka kuharakisha, unabebesha, yaani unachukua kikonyo cha mti mkubwa unaozaa na kukiunganisha kwenye shina la mche. Mimi nilikuja kuwa hodari wa kubebesha. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu habari iliyobaki hainisifu.

Baada ya miaka sita kitaluni nilihamia bustani moja ya majaribio ya miti ya matunda. Mkuu wa Bustani alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye kofia ya majani aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Huyo ndiye aliyenifundisha ndoa ya mpekani. Kila mti una maua dume na maua jike. Dume ni mikufu ya kijani inayoning'inia na kumwaga chavua, ule unga wa manjano unaopeperushwa na upepo. Jike ni vitone vidogo kwenye ncha ya tawi, vyenye kichwa kinachonata. Tatizo ni wakati. Miti mingine hutanguliza dume, na mikufu yake humaliza kumwaga unga kabla jike wake hajawa tayari. Mingine hutanguliza jike. Kwa hiyo mti wa kwanza humzalisha wa pili, na wa pili humzalisha wa kwanza, lakini ni nadra mti kujizalisha wenyewe.

"Hakuna mpekani mwanamume na hakuna mpekani mwanamke," alikuwa akiniambia. "Kuna anayewahi na anayechelewa. Bila jirani, wote wawili ni tasa."

Kila Mei nilikuwa nakata mikufu, naianika juu ya karatasi, nachekecha unga wake na kuuweka kwenye chupa. Jokofu la kazini liliwahi kuharibika, nikaipeleka chupa nyumbani. Mke wangu Zuhura akaikuta, akadhani ni manjano, akaitia kwenye mchuzi wa samaki. Chavua ya msimu mzima tuliila na wali. Mkuu wa Bustani alipopata habari aliuliza tu kama mchuzi ulikuwa mzuri.

Bustani ilipofungwa nikamalizia utumishi wangu kwenye hoteli moja ya Alexandria, mji wa hukuhuku, chini ya Meneja wa Mandhari aliyetaka kila kichaka kiwe duara kama mpira. Sina la kuwafundisha kutoka huko. Nilipiga duara miaka tisa nikiwaza shamba langu.

Shamba lenyewe ni eka moja na nusu kusini mwa Maryland, mbali vya kutosha usisikie magari ya barabara kuu ya Beltway. Tulilinunua nikiwa bado kwenye bustani ya majaribio. Nilipanda mipekani mitano, yote niliyoibebesha kwa mkono wangu kwa vikonyo vya mti mmoja wa asili aliopenda Mkuu. Yote ni watanguliza-dume. Nilijua kwamba ningehitaji mwenzao, nikawa nasema mwakani, mwakani.

Upande wa mashariki wa uzio alihamia Mama Mwende, Mkamba wa Makueni, muuguzi katika nyumba ya wazee. Siku niliyokuwa napanda alinikuta nimetupa mche mmoja uliotoka kwenye kokwa, umepinda, una mzizi mbaya.

"Mzee, hii unatupa? Si unipee nijaribu."

Nikampa huku nacheka. Aliuchimbia shimo akiwa bado na sare ya kazini, akaumwagia maji ya kuoshea vyombo, akaenda kulala maana alikuwa ametoka zamu. Hakuupogoa wala kuutia mbolea. Nilimhurumia.

Vijana, mche ule ulininyooshea kidole kwa miaka kumi na mbili. Ulinyooka. Ulinenepa. Ulipochanua nikauchungulia kwa darubini ya kutazamia ndege, nikaona ni mtanguliza-jike. Yaani unga wa miti yangu mitano ulikuwa unabebwa na upepo wa magharibi na kutua moja kwa moja kwenye vichwa vya maua yake. Unga wake yeye, uliokuja baadaye, ulipeperukia mashariki zaidi, na kidogo tu ndio uliorudi kwangu pale upepo ulipogeuka. Mti wake mmoja ukazaa hadi matawi yakagusa ardhi. Mitano yangu ikanipa bakuli.

Nilikuwa nimestaafu wakati huo, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuona wivu. Asubuhi nilikunywa chai nikihesabu vishada vya kokwa zake. Jioni nilisikia kokwa zake zikidondoka juu ya bati la kibanda chake, moja moja, na kila moja niliihisi kifuani. Mtu aliyesomea kuosha wagonjwa ananishinda mimi kwenye kazi ya maisha yangu, tena kwa unga wangu! Kila Oktoba alikuja na sufuria limejaa.

"Mzee Omari, karibuni njugu za mti wako. Ni wewe ulinipea, aki sisahau."

Ningependa kusema nilifurahi. Nilizila, na zilikuwa tamu, na utamu wenyewe ulinikera. Zuhura alinitazama nikimenya, akasema, "Una kijicho, Baba Salma. Hata taya lako linatafuna kwa kijicho." Nikamjibu kwamba ninachunguza ubora wa kiini.

Masika moja nikatoa ngazi. Nilipogoa matawi yote ya mashariki ya miti miwili iliyo karibu na uzio, na kwenye mitatu iliyobaki nikanyofoa mikufu kwa mkono kabla haijafunguka. Kazi ya siku nne, nikiwa na miaka sitini na nane na goti bovu. Mama Mwende aliniona, akanipa pole kwa bidii. Nilimwambia napunguza magonjwa. Mvua nayo ikasaidia, ikanyesha juma zima la Mei na kuusafisha unga uliobaki hewani. Vuli hiyo alipata kokwa za kujaza kikombe. Mwaka uliofuata nikarudia, akakosa kabisa. Mimi niliendelea na bakuli langu, maana unga wake yeye ulikuwa bado unanifikia, na kwa mara ya kwanza bakuli langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Nilitembea barazani nikiimba.

Akaja uzioni. "Mzee, wewe ndio mtaalamu. Hii mti iko na shida gani? Maua ilitoa mingi, njugu zero."

Hapo ndipo ningeweza kuiacha iishe. Ningesema mti umepumzika, kwani mipekani hupumzika kweli, naye angengoja. Badala yake ulimi wangu ukatafuta mzaha.

"Labda umegeuka dume," nikasema.

Kwangu yalikuwa maneno ya kebehi. Kwa mtu wa Makueni, aliyekulia kati ya mipapai, yalikuwa hukumu. Mpapai dume hautoi kitu ila maua, unakula mbolea na kujaza shamba, na kila mkulima wa kwetu, wa bara na wa pwani, anajua dawa yake ni panga. Mimi nami nayajua hayo tangu utotoni. Juma lililofuata nilirudi kutoka kliniki nikakuta fundi wa miti anapakia magogo kwenye lori, na Mama Mwende amesimama kando amefunga kanga kiunoni.

"Nimesikia ushauri wako," akaniambia. "Nitaweka mwingine, mwanamke."

Niliingia ndani nikakaa kwenye kiti na viatu vyangu miguuni.

Mei iliyofuata niliiacha mikufu yote, sikugusa hata mmoja. Unga wangu ukapeperuka ukapita juu ya kisiki. Baada ya siku kumi majike wangu wakawa tayari, vichwa vinang'aa kwa unyevu, na hakukuwa na unga wowote wa kuwajia kutoka popote. Vuli hiyo sikupata kokwa hata moja, si bakuli, si kikombe. Mkuu wa Bustani alishaniambia, kwa maneno machache kabisa, nami niliyakariri miaka yote ile bila kudhani kwamba yananihusu.

Kisiki kikachipua. Mti uliotoka kwenye kokwa hauna sehemu iliyobebeshwa, kwa hiyo kinachochipua chini ni mti uleule. Juni hii Mama Mwende aliniita.

"Mzee, nisaidie dawa ya kuua hii kitu, inarudi tu."

Ningemletea dawa, siri ingeisha hapo. Ningesema asiiue, angeniuliza kwa nini. Nikashika uzio, goti likiniuma.

"Usiyaue machipukizi," nikasema. "Mti wako haukuwa dume. Hakuna mpekani dume. Ulikuwa unazaa kwa unga wa miti yangu, nikaona wivu, nikaukata unga makusudi. Miaka miwili."

Kisha akauliza polepole, kama anavyouliza wagonjwa wake, "Na zile njugu nilikuwa nakuletea na sufuria, ulikuwa unakula ukinichukia?"

"Nilikuwa nakula."

"Zilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

Akapangusa mikono kwenye kanga. "Basi hizi utamwagilia wewe," akasema, akaingia ndani.

Ndiyo kazi yangu ya sasa, isiyo na msimamizi wala mkuu. Nimebakiza chipukizi moja lililo imara, nimelifunga kwenye mti wa kulishikilia, na kila Jumatatu na Alhamisi navuka uzio na ndoo. Mama Mwende akiwa hayuko zamu hukaa barazani na chai yake na kunitazama. Hanikaribishi. Sufuria halijaja, wala sidai. Mzizi ni wa zamani, kwa hiyo labda halitachelewa kama mche, labda miaka mitano au sita, nami nina sabini na mbili.

Mnaoanza kazi hii mtaniuliza kama wivu huisha mtu akishastaafu. Alhamisi iliyopita nililipima chipukizi lile. Limepita kimo cha mche wangu wowote kwa umri huo, majani mapana, rangi ya afya, na Mama Mwende mwenyewe hata hajui analo nini. Kifua kikanichoma kama zamani. Nikasimama pale na ndoo mkononi, yeye ananitazama kutoka barazani, kisha nikamwaga maji yote.