Pedali ya Babu na Kikopo cha Bibi

Likizo hii nimerudi Karatu, na kitu cha kwanza nilichofanya, baada ya kusalimia na kuulizwa mbona nimekonda, ni kwenda kukanyaga pedali ya gitaa la Babu. Bweni halijanibadilisha, rafiki yangu. Kitu nikiambiwa nisikiguse, ujue nimeshakigusa.

Kama hujawahi kuliona gitaa la aina hiyo, usijilaumu, maana sidhani kama kuna jingine kati ya hapa na Arusha. Halipakatwi. Linasimama kwa miguu minne kama meza, nyuzi zikitazama dari, na mpigaji anakaa nyuma yake kama karani. Mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake, na chini kuna pedali. Ukikanyaga, fito nyembamba zinavuta uzi na sauti inapanda. Ukiachia, springi inaurudisha uzi na sauti inashuka. Mzungu mmoja aliyesimamia shamba la kahawa alimwachia Babu alipoondoka. Babu alikuwa mpishi wake, na nyimbo zake alizijua kwa kuzisikia kupitia dirisha la jikoni huku akimenya viazi.

Bibi hakulipenda. Alisema linalia kama mbuzi aliyenasa kwenye seng'enge. Jioni Babu akianza kupiga, Bibi alikumbuka ghafla kwamba kuna kuni za kupanga.

Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa mafuta ya kondoo. Aliyayeyusha, akayamimina kwenye kikopo cha bati, na kikopo hicho kilikuwa hospitali yetu, duka letu la vipodozi na gereji yetu. Mtoto akikohoa, anapakwa. Bawaba zikilia, zinapakwa. Visigino vikipasuka kwa baridi ya mwezi wa sita, vinapakwa. Alinipaka hata viatu vya shule, nikawa nasindikizwa na mbwa wa mtaa mzima kama kiongozi wa serikali. Nikilalamika, alikuwa na jibu moja tu: "Chenye mafuta hakipigi kelele. Ungepakwa na wewe mdomo."

Basi, nilipokuwa darasa la nne, pedali moja ikaanza ukorofi. Kila Jumapili kanisani, Babu akiikanyaga, sauti ilipanda vizuri, na akiachia, ikagoma kushuka. Ilibaki huko juu, halafu ikateremka polepole kama mzee anayeshuka kwenye lori. Wakati huo kwaya ilikuwa imeshafika ubeti mwingine. Mama zetu wa sauti ya kwanza waliifuata kule juu kwa uaminifu mkubwa mpaka mishipa ya shingo ikawatoka.

Wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi. Siwalaumu sana, nilikuwa na historia. Niliwahi kutumbukiza punje za mahindi ndani ya redio nione kama mtangazaji atakula. Lakini safari hii nilikuwa sijafanya kitu, na hakuna kinachouma kama kusingiziwa kosa zuri ambalo hukuliwaza mwenyewe.

Babu akamwita jirani yetu, fundi wa magari ya watalii. Alikuja Jumamosi alasiri, jua likiwaka barazani, kwaya ikisubiri kufanya mazoezi. Akalala chini ya gitaa kama yuko chini ya Landkruza. Akatikisa fito, akavuta springi, akamwambia Babu akanyage. Sauti ikapanda, ikashuka. Akakanyaga tena. Ikapanda, ikashuka, safi kabisa.

"Mzee, chombo kizima hiki," fundi akasema akijifuta vumbi jekundu. "Labda tumwangalie dereva."

"Dereva ameanza kuendesha wewe hujaota meno," Babu akamjibu.

Kesho yake asubuhi, kanisani, ikakwama. Fundi akarudi alasiri nyingine, akabadilisha springi. Ikafanya kazi. Jumapili ikakwama. Mzee mmoja wa kanisa akashauri gitaa liombewe. Likaombewa, tena kwa sauti, nami nikawekwa karibu ili maombi yasipotee bure. Likakwama.

Mwisho mwalimu wa kwaya akaja nyumbani na kukaa kwenye ncha ya kiti. "Baba, tunakuheshimu sana," alisema. "Lakini Jumapili ijayo ni ya mavuno, kuna kwaya ya wageni kutoka Mbulu. Likikwama tena, tutatumia kinanda cha umeme, na gitaa lipumzike nyumbani."

Lipumzike. Babu aliitikia kwa kichwa tu. Usiku alikula bila kulalamika kwamba chakula hakina chumvi, na hapo ndipo nilipoogopa. Babu alikuwa ameacha shamba la kahawa, akaacha ng'ombe, akaacha hata baiskeli. Kanisani nyuma ya gitaa ndipo mahali pekee palipobaki ambapo watu walikaa kimya wakimsubiri aanze.

Asubuhi ya mavuno ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa kreta ya volkano kule juu mpaka mlangoni. Tulikunywa chai na kiporo cha nyama. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda juu ya bakuli, meupe, magumu, kijiko cha Babu kikanasa. Akakivuta. Kikagoma, halafu kikatoka polepole. Akakirudisha. Akakivuta tena, akikitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Akainuka, akaenda kulala chini ya gitaa na suti yake ya kanisani. Nikamfuata kwa magoti. Akapitisha ukucha kwenye kiungo cha pedali, ukatoka na utepe mweupe. Akanusa. Akaninusisha. Viatu vyangu vya shule, kabisa.

Alasiri jua liliyayeyusha, pedali ikateleza. Asubuhi baridi iliyagandisha, ikanasa. Na fundi hakuwahi kuja asubuhi.

"Unatafuta nini huko chini na suti?" Bibi akauliza toka mlangoni.

"Kifungo," Babu akasema. Vifungo vyake vyote vilikuwa mahali pake.

Bibi akasogea, akagusa gitaa kwa kiganja. "Nimelipaka tena jana, unaliona linavyong'aa? Nilichoka kulisikia likikwaruza. Leo kuna wageni."

Nilifungua mdomo kudai haki yangu. Babu akaukanyaga mguu wangu, na huo haukuchelewa kurudi.

Bibi alipotoka, nilimuuliza Babu kwa nini hakumwambia. Alikuwa anatia makaa kwenye jiko dogo. "Nimepiga gitaa hili tangu mama yako hajazaliwa," alisema. "Bibi yako hajawahi kunipigia makofi hata siku moja. Leo amenipaka mafuta, wewe unataka nimwambie afute?"

Tukaenda kanisani, mjomba akisukuma gitaa kwenye toroli, Babu nyuma amebeba jiko la makaa kama yuko njiani kwenda kuchoma mahindi. Akaliweka chini ya pedali. Mzee wa kanisa akainama, akanong'ona, "Jiko tena, ndugu yangu?"

"Magoti," Babu akasema.

Akapiga. Sauti ikapanda, akaachia, ikashuka pale pale alipoitaka. Wageni wa Mbulu wakageuza shingo. Mwalimu wa kwaya akafunika kinanda kwa kitambaa chake. Bibi alikaa upande wa akina mama, anaangalia dari, lakini mguu wake mmoja ulikuwa unagonga sakafu. Jumatatu yake, kwa kuwa Bibi alisikia habari za magoti, Babu naye akawa anapakwa kila usiku. Na pedali kila Jumamosi.

Bibi tulimzika masika yaliyopita. Kikopo kipo dirishani, kimekauka, kina buibui. Viatu vyangu sasa ni vya dukani, mbwa hawanijui. Nilipoikanyaga pedali asubuhi ile niliyofika, ukungu ukiwa mlangoni kama zamani, sauti ilipanda, nikaachia, ikashuka papo hapo. Fundi ameisafisha kwa dizeli na kuitia oili ya gari. Haina kasoro hata moja. Nikaikanyaga tena na tena nikiomba inase.

Jumapili nikamkuta Babu uani, anapuliza makaa kwenye lile jiko dogo.

"Babu, mbona pedali imeshapona?"

"Magoti," akasema.

Nikambebea jiko.