Mlango wa Mama Nadine

Juzi binti yangu alikuwa na simu, anacheza mchezo wa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani. Aliponiomba nimsaidie, niliinuka nikaenda zangu jikoni.

Nilipokuwa mdogo, shuleni kwetu Kasulo mwalimu alituagiza kila mtu aje na neno la Kiingereza lenye T, A na B. Vitabu hatukuwa navyo. Kiingereza kilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya jirani, kwenye makopo ya msaada. Mama Nadine, mkimbizi aliyekuwa akibadilishana na mama ndizi kwa maharage, alikuwa ameyaponda makopo ya mafuta akayaunga kuwa mlango. Mchana ule alikuwa ameenda kutafuta kuni. Nilisimama pale, harufu ya moshi na mafuta yaliyochacha puani, nikasoma: VEGETABLE. Kalamu sikuwa nayo. Nikaling'oa bati lenyewe.

Wala sikuona kosa. Nilijua wakimbizi wanapewa kila kitu bure, basi wangempa na mlango mwingine.

Darasani nilipigiwa makofi. Jumamosi mama akanituma kwa Mama Nadine na ndizi. Lile pengo alikuwa ameliziba kwa kitenge chake cha kanisani, kimelowa mvua na kuchafuka tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa lugha ya kwao. Alizipokea ndizi, akaniangalia bila hasira. "Nasikia neno lako lilipigiwa makofi. Maana yake nini?"

Wakati ule sikuijua.

Leo ningemjibu: ni mboga tu, mama.