Neno Lililokutwa na Taa

Wifi yangu ana saluni isiyo na dirisha. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya saruji, na mpaka leo ukiegemea ukuta unaondoka na mgongo mweupe. Ndani kuna kiti kimoja cha kuzunguka, ambacho kinakubali kuzunguka kushoto tu, drai moja ya kofia, kioo kilichopasuka pembeni, kifriji cha soda, na kreti tupu la wageni wasio na haja ya nywele. Mimi hukiita kaburi lenye kioo. Naye hunijibu, mbona hazipiti siku mbili hujaja kuzikwa.

Kisiwa chetu kiko mbali na kila kitu, na meli huja inapotukumbuka. Umeme tuliupata kwenye jenereta moja kuukuu kando ya gati, iliyokuwa na tabia za mjumbe mchovu kwenye mkutano: inasinzia, inashtuka, inaendelea kama haikusinzia. Kiwanda cha barafu kikiwasha mashine, giza. Zahanati ikichemsha vyombo vyake, giza. Giza lenyewe fupi tu, la kumenya kiazi kimoja au viwili, halafu taa hizo zimerudi. Mara ngapi kwa siku, hakuna aliyejisumbua kuhesabu. Wala hatukusema umeme umekatika, maana kukatika ni jambo zito, la kutafutiwa fundi. Sisi tulisema umefumba. Ukirudi, umefumbua. Watoto wetu waliyajua maneno hayo kabla ya kujua kusema maji.

Sasa, mkiwa watu wa kukaa gizani mara kwa mara, mnatunga sheria zenu. Yetu ilikuwa moja: neno lililosemwa umeme umefumba, halikusemwa. Hulijibu, hulikumbushi, huliwekei kinyongo. Mwenyekiti wetu aliwahi kuambiwa gizani na ukumbi mzima, "Kaa chini, umetuchosha!" Taa zilipowaka kila mtu alikuwa anachunguza dari, na mwenyekiti aliendelea pale pale alipoishia. Alituchosha saa nyingine nzima, lakini bila chuki.

Sheria ilikuwa na mkia wake. Neno likikutwa na taa lingali mdomoni, hilo limefumbuliwa. Linahesabika, na kama lilikatikia njiani, sharti mwenyewe alimalizie mbele za watu. Kuna mkwe mmoja hapa mtaani alianza gizani, "Mama mkwe, chai yako ni kama maji ya kuo..." Taa hizo. Alisimama, jasho linamtoka, akamalizia, "...shea vyombo." Alikwenda kuishi kwa kaka yake mpaka mtoto wao alipoota meno. Hakuna aliyesema ameonewa. Sheria ni sheria.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini saluni ya wifi yangu ilikuwa inajaa. Nyumba nyingine mchana zina dirisha, na giza lenye dirisha si giza. Kwake umeme ukifumba saa sita ya mchana huoni hata pua yako. Wanawake walikuja na nywele walizosuka jana yake, wakakaa kwenye foleni na mioyo imewajaa, wakingoja. Taa zikizima utasikia, "Mwanangu ananiibia." "Simpendi, sikuwahi kumpenda." "Naogopa uvimbe huu." Taa zikiwaka, wote wanaangalia kucha. Wifi yangu hakuongeza neno. Kazi yake ilikuwa kuacha mkono juu ya kichwa alichokuwa anakishughulikia, asipoteze mstari, na huo mkono ulikuwa na uzito fulani hivi, sijui niseme nini, ulikuwa unatosha.

Ni mjane wa kaka yangu. Kaka yangu alikuwa mtu mwema aliyependa usingizi, na Mungu akampa mwingi kuliko alioomba. Tangu afariki tunaishi nyumba moja, mimi na wifi, tunagombania sufuria na kusutana kama kawaida ya mawifi. Ni mwanamke wa maneno machache, mimi wa maneno mengi, tukichanganywa tunatoa mtu mmoja wa wastani.

Kwenye lile kreti alikuwa anakaa fundi friji. Watu wanamwita Bwana Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia. Ni mwanamume mrefu, mpole, wa kuuomba radhi mlango kabla hajaufungua. Kufumba na kufumbua kule kulikuwa kunaunguza kompresa za friji kisiwa kizima, kwa hiyo riziki yake ilikuwa nzuri, na friji iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa kifriji cha soda cha wifi yangu. Alikuja kukikagua kila siku. Kama wagonjwa wangekaguliwa hivyo, zahanati ingefungwa.

Siku moja nimekaa kwenye kiti, umeme ukafumba, nikasikia sauti kutoka kwenye kreti. "Mama, mimi nimechoka kula mkate peke yangu." Taa zikawaka. Bwana Baridi alikuwa ameinamia kifriji, akasema, "Hii mpira wake wa mlango umelegea." Wifi yangu akasema, "Utaangalia, fundi." Lakini mkono wake kichwani kwangu ulikuwa umepata moto.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa sababu jenereta ilijitia uzima kidogo. Gizani, juu ya kichwa changu: "Mkate ni mzuri ukiliwa na watu wawili." Basi wakaanza. Sentensi moja kwa giza moja, wakati mwingine nusu. Walitongozana hivyo mwaka mzima na ushee, mimi katikati na rola kichwani, nimebana meno nisicheke. Waliulizana. Walikubaliana. Waligombana kuhusu godoro lake, ambalo wifi yangu alisema halitavuka kizingiti chake, na ugomvi ule ulichukua wiki, maana kila mmoja wao akipata la kujibu, taa zinawaka. Gizani walikuwa wameshaoana na kuzoeana. Kwenye mwanga mwanamume alikuwa "fundi," na wifi yangu alikuwa "mama," na katikati yao kuna mpira wa friji uliolegea.

Nyumbani nikamchokoza. "Wifi, huyo fundi ana nia gani na soda zetu?"

"Fundi gani?"

"Wa kreti."

"Hajasema kitu," akanijibu, anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Na kisheria alikuwa sahihi. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Na mimi nina wifi. Siwezi kumletea wifi yangu mtu kwenye nyumba ya kaka yake." Nilitaka kumjibu. Mimi huyu, mwenye mdomo wa kuuzia mitumba, nilikosa neno, kwa sababu taa ilikuwa inawaka na picha ya kaka yangu inatutazama ukutani.

Ndipo ukaja mtambo mpya. Uliletwa na meli, ukapokewa kwa vigelegele, na mkubwa mmoja akatuhutubia gatini kwamba enzi za giza zimekwisha. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Na kweli, umeme haukufumba tena. Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya pili watu wakaanza kukasirikiana bila sababu. Mume na mke waliozoea kuambiana ukweli mara kadhaa kwa siku sasa walikuwa wanatazamana tu, chini ya taa nyeupe, kama watu wanaosubiri matokeo. Saluni ikakauka. Wanawake walikuja wenye haja ya nywele tu, wakasifia hali ya hewa, wakaenda zao na uvimbe wao.

Na friji hazikuungua. Bwana Baridi alikaa kwenye kreti siku nzima akisikiliza kifriji kinavyonguruma vizuri, uso umemshuka. Mtambo ulikuwa umemnyang'anya kazi na mdomo kwa pigo moja. Kaka yake yuko ng'ambo, anatengeneza viyoyozi, akamwita. Meli ilitarajiwa Jumatatu, yaani Jumatatu au Alhamisi.

Habari hizo zilipofika nyumbani, wifi yangu alisema, "Safari ni jambo la kheri." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilikaa ukumbini nikimsikia hapigi hata chafya. Niliumia. Nilimpenda kaka yangu, lakini kaka yangu amelala, na huyu mwanamke bado yuko macho.

Jumamosi alasiri nilikuwa kwenye kile kiti, nusu ya nywele zimeviringwa kwenye rola, nusu zimesimama, wakati Bwana Baridi alipoingia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakukaa kwenye kreti.

"Hodi, mama. Hujambo, dada."

"Karibu, fundi," wifi yangu akasema. Kitana kikaendelea.

"Nimekuja kuaga. Meli wanasema kesho kutwa."

"Haya. Safari njema."

"Kile kifriji hakina tatizo. Nimekiwekea mpira mpya. Kitakaa miaka."

"Ahsante, fundi. Mungu akulipe."

Nilimtazama fundi kwenye kioo. Alikuwa anatazama kifriji. Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa anatazama kichwa changu, na anakichana kana kwamba kimemkosea. Balbu mpya juu yetu ilikuwa inawaka kwa juhudi zote. Watu wazima wawili wenye meno yao, wameshapanga mpaka godoro, na hakuna wa kusema hata neno. Nilitaka kuwapiga wote kwa kofia ya drai.

"Basi," Bwana Baridi akasema. Akaanza kuurudisha mlango nyuma yake, polepole, kwa adabu zake zile.

Wifi yangu akaweka kitana chini. Akapita mbele yangu, akamshika yule mwanamume mkono wa shati, akamrudisha ndani, akafunga mlango. Swichi kuu iko nyuma ya ule mlango, kwenye kiboksi cha bati. Akaishusha, akaishikilia.

Giza la saruji. Hata kifriji kikanyamaza. Chumba cha pili, kwa muuza viatu, redio ilikuwa inaendelea kuimba bila wasiwasi wowote, kwa hiyo hakukuwa na wa kujidanganya kwamba umeme umefumba wenyewe.

"Mama," Bwana Baridi akasema, "redio ya jirani inaimba."

"Naisikia."

"Sasa hii ni... hii inahesabika?"

"Sijui, fundi. Sema. Mkono wangu unachoka."

Akameza mate, tulimsikia. "Mimi sitaki viyoyozi. Sitaki ng'ambo. Nikiambiwa nibaki, nabaki. Kazi nitatafuta, hata ya kubeba barafu. Na godoro nimeshaliuza."

Redio ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Nilijua kinachoendelea, kwa kuwa ni mimi niliyeishi na mwanamke huyo. Angesema ndiyo, kwa raha zake, gizani, halafu angepandisha swichi taratibu, na neno lingebaki halikusemwa kama yote yaliyotangulia, na Jumatatu au Alhamisi angefunga mlango wa chumba chake tena.

Nikainuka. Nikaenda kwa kupapasa ukuta, rola zinaniangukia mabegani, vumbi la saruji linanijaa viganjani, mpaka nikaufikia mkono wake kwenye swichi. Nikauwekea wangu juu. Hakuutoa. Alijua ni nani.

"Usiende," alikuwa anamwambia yule bwana, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kaka yangu alipokuwa hai. "Nimekusubiri useme kwenye mwanga, na wewe umenisubiri mimi, tumekuwa wapumbavu. Nataka ubaki. Nataka uwe mume w..."

Nikasukuma juu, mkono wangu na wake pamoja.

Taa hizo. Drai ikaanza kuvuma na kofia tupu. Bwana Baridi alikuwa amesimama na mikono mbele, kama mtu aliyekuwa amebeba friji ikatoweka. Wifi yangu alinigeukia mimi, si yeye. Macho yamejaa, mdomo wazi, neno limekwama palepale lilipokutwa.

"Limefumbuliwa," nikamwambia. "Malizia, wifi."

Nikamwitikia kwa kichwa, na rola ya mwisho ikaanguka.

"Wangu," akasema.

Bwana Baridi akakaa kwenye kreti. Wifi yangu akajifuta uso kwa taulo la wateja, akanirudisha kwenye kiti, akaokota kitana na kuanza kichwa changu upya.