Milksheki ya Posa

Mimi huku Arabuni nilianza na jeki moja na pampu ya mguu, mtaa wa Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi. Shule niliishia darasa la sita na sioni haya kulisema, kwa sababu wale waliofika mbali leo ndio wanaoniletea magari yao niwatilie matairi. Nna maduka matatu, mawili Ghubra na moja Ruwi, pale pale nilipoanzia. Bawshar nna nyumba niliyoijenga mwenyewe, si ya urithi, na ndani yake majlisi ya kukaa watu thelathini bila ya mtu kumgusa mwenzake goti. Mazulia nimeyachagua mimi. Madele ya kahawa manne, yanang'ara. Sasa niambie, mtu mwenye majlisi kama ile, mgeni mkubwa kuliko wote aliopata kuwa nao kampokea wapi?

Kwenye mkahawa wa baga.

Fikra ilikuwa ya binti yangu, kitinda mimba, aliyesoma kwa niaba yetu sote. Alikuwapo kijana mmoja anafanya naye kazi, na mimi si kipofu. Wachumba wawili wa mwanzo aliwakataa kabla hawajamaliza kahawa yao. Huyu wa tatu, akitajwa tu, binti anakwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakipo.

"Baba, ni kujuana tu," akanambia. "Si posa. Mkae na wazee wake, mle kitu, mcheke. Basi."

"Na nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani kuna wewe, Baba."

Mama yake akaangua kicheko. "Kweli! Mgeni hajakaa dakika tano ushampandisha juu kumwonesha matangi ya maji."

Matangi yale ni ya maana, lakini tuyaache. Nilikubali kwa sababu moja, nayo sikumwambia mtu. Baba wa kijana ni mtu wa Unguja kama sisi, lakini wao ni wale waliosoma. Alikuwa mkubwa wizarani mpaka alipostaafu. Nikaogopa akija kwangu atauona ukubwa wa nyumba, halafu ataniangalia mikono, na mikono yangu mafuta ya gereji hayajatoka mpaka leo. Akimkataa binti yangu kwa sababu ya mikono hii, nitauweka wapi uso wangu? Basi nikasema twende huko kwenye baga, labda huko sote tutakuwa wageni.

Tulikwenda Ijumaa baada ya alasiri. Mkahawa wenyewe uko hapo hapo Bawshar, viti vyekundu vya ngozi ya bandia, picha za barabara za Marekani ukutani, na katikati ya picha wametundika tairi. Tairi bovu! Matairi kama lile nimeyatupa mangapi, na hapa watu wanasimama kulipiga picha.

Jambo la kwanza lililonipandisha damu ni foleni. Baba wa kijana, mzee wa watu, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, fimbo mkononi, asimamishwe mstarini nyuma ya watoto waliovaa kaptura! Nikamwambia, "Sheikh, wewe kaa, nitaagiza mimi." Akasema, "Hapana, pamoja." Tukasimama pamoja. Mbele yetu bao kubwa la taa lenye majina ya vyakula, na kila chakula kinataka maswali yake. Nyama moja au mbili? Jibini ipi? Vitunguu vibichi au vya kukaanga? Kwangu mgeni haulizwi. Kwangu sinia linatua, wali, nyama juu, na kazi ya mgeni ni kusema "imetosha" na kazi yangu ni kutosikia.

Baada ya foleni unapewa kidude cha plastiki, ati ukakae nacho mpaka kitetemeke. Kilipotetemeka mezani mzee alishtuka akakamata fimbo. Na chakula kilipokuja, kikaja na glovu. Glovu nyeusi za kulia baga! Nikamwambia kijana, "Hizi kwangu wanavaa mafundi wanaomwaga oili chafu." Kijana akacheka kidogo, baba yake hakucheka. Nikajilaumu. Huyo, nshaanza kutaja oili.

Tulikaa hivi: meza moja mimi, mzee na mwanawe. Meza ya nyuma yangu wanawake, yaani mke wangu, binti yangu na mama wa kijana, na mgongo wa kiti chao ndio mgongo wa kiti chetu. Mhudumu alikuwa msichana wa Uganda, mchangamfu, Kiswahili chake cha bara. Akatuwekea milksheki tatu za vanila kwenye magilasi marefu, malai ya maziwa juu, tunda jekundu juu ya malai.

Mzee akalitazama gilasi lake. Akalisogeza mbele yake kiasi cha shubiri moja, akaweka mikono juu ya fimbo.

"Karibu, sheikh."

"Ahsante. Hii itangoja."

Haipendi, nikasema moyoni. Nikamwita msichana. "Hii iondoe, mletee ya chokoleti."

"Sawa boss."

Ikaja ya chokoleti. Mzee akaisogeza mbele, shubiri ile ile. Baga yake imefunikwa na karatasi, chipsi hazijaguswa. Mwanawe naye hali, anaangalia meza. Wanawake huko nyuma nawasikia wamechangamka, wanacheka, wanaulizana habari za Unguja, na huku kwetu utadhani tumo matangani.

"Labda baridi inakusumbua meno?" nikamuuliza.

"Meno yangu mazima, alhamdulillahi."

"Basi ya maembe. Mletee ya maembe!"

Msichana akaja na ya maembe, akaangalia magilasi, akaniangalia mimi. "Boss, na hii mzee akikataa nilete gani tena? Zimebaki strobari na ile ya biskuti."

"We weka tu."

Mzee akaisogeza. Shubiri moja.

Hapo ndipo nilipochoka, na nilichoka kweli kweli. Nikajisemea, huyu mtu kaja kunionesha kuwa chakula cha mtu wa matairi hakipiti kooni kwake. Angekataa kuja basi! Kaja, kakaa, na kila ninachomwekea anakisogeza kama mtu anayesogeza kombamwiko. Mimi nimewalisha mawakili, nimewalisha maafisa, hakuna aliyewahi kuondoka kwangu na mikono mikavu. Nikavua glovu, moja ikachanika, nikaitupa juu ya chipsi.

"Sheikh," nikasema, na sauti ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, "kama hapa pamekuwa padogo kwako, si lazima tuendelee. Sisi tutakwenda zetu."

Nikainuka. Kijana akainua uso, mweupe kama karatasi. Nyuma kicheko kikakatika.

"Wewe bwana, kaa!" Sauti ya mke wangu, mdomo karibu na sikio langu, kapita juu ya mgongo wa kiti. "Kaa chini. Umemuuliza anataka nini?"

"Mara tatu! Chokoleti, maembe..."

"Si cha kunywa, yakhe! Kilichomleta!"

Nikabaki nusu nimesimama, nusu nimekaa.

Nikueleze, kama hukukulia kwetu. Kwa watu wetu, mtu akija nyumbani kwa mtu na haja kubwa, iwe posa au kupatanisha watu waliogombana, akimiminiwa kahawa haigusi. Anaiweka chini mbele yake. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua, anamuuliza una nini, mgeni anasema, na akikubaliwa anaambiwa kunywa, umepata. Asipokubaliwa anaondoka na kahawa inabaki. Mimi haya nayajua tangu utoto! Nilipoposa mimi, ami yangu aliacha kikombe mpaka kahawa ikapoa. Mwenyewe nimewanywesha watu kahawa zao kwa neno langu, zaidi ya mara moja, kwenye majlisi ile ile. Lakini nani aliyewahi kuona desturi hii ikifanywa kwa milksheki? Binti kaniambia ni kujuana tu. Kumbe kijana kwao alisema vingine, au mzee aliamua vyake. Yeye alikuwa ananingoja nimuulize, na mimi nambadilishia ladha!

Nikakaa. Nikalisogeza gilasi langu pembeni.

"Sheikh, mbona hunywi? Una nini?"

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Tumekuja kwako na haja. Tunamtaka binti yako kwa mtoto wetu huyu, kwa sunna ya Allah na Mtume wake. Tumeuliza habari zako, tumeambiwa wewe ni mtu uliyejijenga kwa mikono yako. Mtoto wangu mimi nilimjengea kila kitu. Nilitaka akae karibu na mtu kama wewe."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Sikuiondoa.

Niligeuka nyuma. Haikuwa adabu lakini niligeuka. Binti yangu alikuwa na chipsi moja mkononi, kaichovya kwenye kechapu, kaisahau humo. Mama yake akamtazama, halafu akanitazama mimi, akafumba macho mara moja, polepole. Hiyo kwetu nyumbani ni ndiyo.

"Kunywa, sheikh," nikasema. "Umepata."

Milksheki ya maembe ilikuwa ishakuwa maji, malai yameshuka yakaganda ubavuni mwa gilasi. Nikanyanyua mkono nimwite msichana alete nyengine, mzee akaushusha mkono wangu. "Hii hii." Akautia mrija mdomoni, akanywa mpaka chini, mrija ukalia kwa sauti na meza zote zikageuka. Kijana akafungua baga yake akaila kama hajaona chakula tangu juzi.

Siku hizi nyumbani wananicheka. Ati nimemwoza binti yangu kwenye baga. Nawaambia, nimemwoza kwa neno langu, pahala si hoja. Lakini nikah itakuwa kwenye majlisi yangu, na hilo halina mjadala. Binti kaja juzi ananiuliza kama tunaweza kuleta mashine ya milksheki.