Kitu Ikishapigwa Msumari

Jumamosi nilikuwa mtaa wa Lindi, kule Kibera, nikimsaidia mama mmoja wa kanisa letu kuhama chumba chake cha kupanga. Alipoingia chumba hicho, kuta zilikuwa udongo mtupu. Akazifunika kwa plaiwudi, akapaka rangi ya maziwa, kisha akachukua makreti ya mbao, akayapiga msasa na kuyapaka bluu, yakawa rafu za vyombo. Hata ndoo ya kukinga maji chini ya paa linalovuja aliipaka bluu, ifanane na rafu.

Tulipoanza kung'oa rafu, keateka, anayesimamia ploti ile kwa niaba ya mwenye nyumba, akaja akaziba mlango.

"Hizo ziache, mathe. Kitu ikishapigwa msumari kwa ukuta ni ya landlodi."

"Na nimetengeneza na mikono yangu?"

"Ziache. Kuna watu naleta kuona nyumba saa hii."

Mama akanyoosha kidole juu, kwenye tundu la mabati. "Na hiyo? Si nilikuambia nikiingia, ukasema ni shida yangu?"

Keateka akaisukuma ile ndoo kwa mguu. "Hii beba. Si ya ploti."

Ndiyo sheria ya ploti zetu: ukirembesha ni ya landlodi, ikivuja ni yako.

Wageni wakafika, keateka akawaonyesha rafu kwa madaha, kana kwamba msasa aliushika yeye. Mama akachukua ndoo yake, akatoka bila kuaga. Nje mawingu yalikuwa yametanda. Nikamwomba Mungu ainyeshe mvua hapo hapo, wageni wakiwa bado wanasifu rangi.