Maji ya Uvuguvugu

Mama wa mchumba wako akikumwagia glasi ya maji usoni mbele za watu, utafanya nini?

Usijibu haraka. Huku kwetu Korea swali hilo limeulizwa kwenye televisheni kila wiki tangu kabla sijazaliwa. Binti maskini ameketi kwenye mgahawa wa kifahari. Mbele yake yupo mama tajiri mwenye lulu shingoni. "Achana na mwanangu." Binti anainamisha kichwa. Glasi inanyanyuliwa, na nchi nzima, kuanzia vikongwe hadi madereva wa teksi, inasonya kwa pamoja.

Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake ni yule anayeyaandaa maji hayo.

Anaitwa Pyo Geumok. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mama mdogo, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka kumi. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mtunza vyombo katika studio moja ya tamthilia pale Ilsan. Vikombe ni vyake, sahani ni zake, maua ya plastiki ni yake, na zaidi ya yote glasi ya maji ni yake. Wenzake wanamwita Mama Maji.

Usidhani ni kazi ya mtu yeyote. Kamera zikianza, vipasha joto vyote vinazimwa kwa sababu vinanguruma na sauti inanaswa. Mwezi wa kwanza, mle ndani unaiona pumzi yako mwenyewe. Maji ya baridi yatamtetemesha binti wa watu hadi ashindwe kutamka maneno yake, hasa kama tukio litarudiwa mara sita. Maji ya moto nayo yanatoa mvuke, na kamera inauona. Basi mama mdogo anachanganya kwenye birika lake la bati, anadondosha tone kwenye kifundo cha mkono kama anayepima maziwa ya mtoto, anajaza theluthi mbili ya glasi, kisha anasimama nyuma ya kamera na taulo begani.

"Mama Maji, leo nani anaoga?" mafundi wa taa humtania.

"Wewe, usipoondoa hizo nyaya zako miguuni mwangu!"

Wanacheka. Lakini maji yakishamwagwa, ndiye wa kwanza kumfikia yule binti, na mara nyingi anamfuta uso huku yeye mwenyewe analia. Nimemwona. Miaka kumi na tisa, na bado analia.

Mimi nilisoma fasihi chuo kikuu, nikaajiriwa studio hiyohiyo kunyoosha mazungumzo ya wahusika wadogo. Siku moja nilimwuliza mwandishi mkuu kwa nini mama asikubali tu, hata mara moja. Akacheka hadi akavua miwani. "Gitae, mdogo wangu, mama akikubali, sehemu ya tatu tutaonyesha nini?" Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Naamini kwamba tumekuwa tukiwafundisha wazazi wa nchi hii kukataa, wiki baada ya wiki, na tukiwafundisha maskini kuinamisha vichwa. Sikujua bado kwamba tulikuwa tunawafundisha jambo jingine baya zaidi.

Mama mdogo ana binti mmoja, Eunsol. Ni mwoka mikate, mcheshi, ana alama za tanuri mikononi. Kwa miaka minne alikuwa na Maeng Seunghyeok, daktari wa meno ambaye baba yake ndiye mwenye kliniki. Walipokubaliana kuoana, ikabidi lifanyike lile ambalo harusi ya kwetu haiwezi kulikwepa: familia mbili kukaa meza moja, wazazi kwa wazazi. Baba yake Eunsol alishafariki. Kiti upande wetu hakikupaswa kubaki wazi, nikakikalia mimi.

Mama mdogo alijiandaa kama anayekwenda vitani. Alinunua gauni la rangi ya giza, lisiloonyesha majimaji. Akatia taulo kwenye mkoba.

"Akimwaga, usinyanyuke," alimwambia Eunsol. "Futa uso, sema asante kwa chakula. Tutasimama wote pamoja."

"Mama, wale ni watu, siyo tamthilia."

"Kwani tamthilia inawaigiza mbuzi?"

Kisha akatoa sanduku. Ni sanduku jeusi la ngazi tatu, limenakshiwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, kitu pekee alichoachiwa na mama yake. Usiku na mchana alikuwa amepika mikate ya mchele yenye kunazi na kokwa za msonobari, akaipanga humo na kulifunga sanduku kwa kitambaa cha hariri cha waridi.

"Mama mdogo, si uweke kwenye katoni tu?" nikamwuliza. "Sanduku la bibi litapotea."

"Ndiyo maana naliweka humo," akasema, na akacheka kama msichana. "Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mtu mwenye adabu hakirudishi mbiombio kama anayekikimbia. Atakaa nacho wiki mbili, tatu. Siku akija nacho mkononi nitamkaribisha sakafuni kwangu, tule. Hapo ndugu tayari."

Tulikutana mchana, chumba cha faragha, mgahawa wa zamani pale Jongno. Mama Seunghyeok alisimama kutupokea. Hakuwa na lulu. Alimshika mama mdogo mkono kwa mikono yote miwili. "Tumefurahi sana, Mama Eunsol. Barabarani hamkupata baridi?" Alilipokea sanduku kwa kuinama, akasifu nakshi, akasifu fundo. Aliulizia magoti ya mama mdogo. Alichukua kipande kinono cha samaki akamwekea bakulini kwa vijiti vyake mwenyewe. Mzee Maeng alisimulia kuhusu kupanda milima. Glasi zilikuwa sita mezani, zimejaa maji, na hakuna aliyezigusa ila kwa kunywa.

Nikaona mlo unakwisha. Nikajikaza.

"Mzee, kuhusu tarehe ya harusi, mnaonaje?"

Mzee Maeng akatabasamu. "Vijana mna haraka. Kula samaki, anapoa."

Nikamtazama Seunghyeok. Kwenye televisheni, hapo ndipo kijana anaposimama, anamkamata binti mkono na kuondoka naye. Seunghyeok wetu alikuwa anachambua miiba ya samaki wa baba yake. Aliichambua vizuri sana, mmoja mmoja, akaipanga pembeni ya sahani. Hakuinua macho.

Kwenye treni ya kurudi, mama mdogo hakuweza kutulia kitini.

"Mmeona? Kaniwekea samaki kwa mkono wake! Hata sauti hakupandisha! Na mimi mjinga nimebeba taulo." Akalitoa taulo, akalipunga, abiria wakatutazama. "Gitae, waambie waandishi wenu waje wajifunze."

Eunsol alikuwa amegeukia dirisha. "Mama, hajakuita mkwe. Hata mara moja."

"Ana haya yule mama."

"Wewe umemwita mkwe mara tano. Yeye kakuita Mama Eunsol, kama jirani."

"Taratibu, mwanangu. Siku ya kwanza hiyo."

Nilimwona Eunsol akiandika ujumbe kwenye simu. Jibu lilikuja kabla hatujafika Ilsan. Alinionyesha. Seunghyeok alikuwa ameandika: *Tumpe baba muda kidogo.* Ameuandika ujumbe huo kwa miaka minne. Nilitaka kusema. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani. Lakini mama mdogo alikuwa anahesabu kwa vidole wageni wa kualika, na taulo lilikuwa limekunjwa vizuri mapajani mwake, nikamrudishia Eunsol simu yake. Tulikuwa tumemfundisha kwamba asiyemwaga maji amekubali.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa studio, tukio la glasi. Vipasha joto vilikuwa vimeshazimwa. Mlinzi wa getini akaja kuniita: kuna mgeni wa Mama Maji. Tukatoka wote wawili, mimi na mama mdogo. Nje alisimama mwanaume mwenye glavu nyeupe, kando ya gari jeusi, amelishika sanduku.

"Madamu anashukuru sana," akasema. "Anasema msijisumbue tena."

"Yeye mwenyewe hakuja?" mama mdogo aliuliza, akichungulia ndani ya gari.

"Mimi ni dereva tu, mama."

Alilipokea. Akafungua fundo palepale, juu ya boksi la nyaya. Sanduku lilikuwa limeoshwa hadi kwenye pembe. Ngazi ya kwanza ilikuwa na peasi kubwa, ya pili nyama iliyokaushwa, ya tatu mizizi myekundu ya dawa, ile ya bei ambayo nyumbani kwetu hatujawahi kuinunua. Hapakuwa na barua. Adabu yote ilikuwa imetimizwa. Hawakutudai, hatukuwadai, na hata usiku mmoja haukuwa umepita vizuri.

Mama mdogo alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha waridi. Nikakigusa na mimi. Kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi, na joto la pasi lilikuwa bado halijatoka.

"Wameamka alfajiri," akasema.

Ndani wakaita: "Mama Maji! Tunakusubiri!"

Akafunga sanduku, akanikabidhi, akaingia. Nilimfuata. Nilimwona akienda bombani, akajaza glasi moja kwa moja, theluthi mbili, bila birika. Hakudondosha tone mkononi. Niliona, nikabaki nimelikumbatia sanduku. Akaiweka mezani mbele ya yule mwigizaji mwenye lulu, akarudi nyuma ya kamera, taulo begani.

Glasi ikanyanyuliwa. Maji yakampiga yule binti usoni, naye akavuta pumzi kwa kishindo, kifua kikanyanyuka, midomo ikaanza kumtetemeka kabla hajakumbuka maneno yake. Machozi yalimtoka yenyewe.

"Hiyo ndiyo!" mwongozaji akaruka kutoka kitini. "Hiyo ndiyo niliyoitafuta mwaka mzima! Tena, tupige kwa karibu. Mama Maji, lete mengine kama hayo hayo!"

Mama mdogo hakwenda kumfuta binti. Alichukua glasi tupu, akarudi bombani.