Kibao cha Wawira

Kuna asubuhi moja ya baridi pale shuleni Kanja, Embu, mwanangu, naikumbuka mpaka leo na bado inaniuma. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo juzi tu, na Kiingereza kilinijaa hadi nilisalimia wazee nacho sokoni. Wee, nilijiona mtu!

Siku hiyo nilifundisha kitenzi "get". Nikajaza ubao: kupata, kufika, kuamka, kupona. Kisha nikauliza kwa madaha kama kuna swali.

Akasimama Wawira, msichana wa darasa la sita aliyekuwa amefiwa na mama yake majuzi. Akauliza kwa Kiembu: nesi alimwambia mazishini, "You will get over it." Sasa hiyo ni kupata nini?

Sikujua. Ningesema tu sijui, yaishe. Lakini niliona aibu, mwanangu. Na siku hizo, mtoto aliyeongea Kiembu shuleni alivishwa kibao shingoni, ashinde nacho. Basi nikamvisha. Darasa likacheka, nami nikashusha pumzi.

Kesho yake hakuja. Wiki nzima hakuja. Ndipo nyanya yake akaingia ofisini, akaweka kile kibao mezani.

"Mwalimu, chukua kuni yako. Mtoto yuko kwa kahawa, anasema shule basi. Alikuuliza juu ya mama yake, ukamfunga mti shingoni! Kama hujui, si ungesema? Mimi hata kusoma sijui, na sijafa."

Nikapekua kamusi, nikakichukua kile kibao. Nikamfuata hadi shambani kwao. Wawira aliponiona akainamia kahawa yake. Nikakivaa kibao mimi mwenyewe, nikamwambia kwa Kiembu, "Sikujua jibu, nikakuadhibu wewe. Nisamehe. Nimetafuta kwa kamusi: nesi alimaanisha uchungu utapita."

Akaniangalia. "Na ni kweli utapita?"

"Hiyo pia sijui, mwanangu."

Akalia, nami nikalia. Jumatatu akarudi darasani.

Mficha uchi hazai. Wewe sasa una digrii na ofisi pale Embu mjini, na watu watakuja kukuuliza. Usichokijua, sema hukijui, kisha ukitafute. Usimwaibishe anayeuliza ili wewe ubaki mkubwa; nilikaribia kumkosesha mtoto wa watu masomo kwa sababu hiyo.

Ngai akubariki, akupe ulimi mwepesi wa kusema "sijui", na mtoto yeyote asiogope kukuuliza.